Tusimhukumu Fundi Kabla ya Kuisikiliza Baiskeli

Leo nina deni la kulipa, na deni lenyewe si la fedha bali ni la maneno. Nilimtuhumu kijana mmoja, fundi wa baiskeli mjini Kitale, mbele ya watu. Sikumtukana. Nilimwita mwizi kwa lugha ya adabu, jambo ambalo naona ni baya zaidi, kwani tusi la wazi mtu hulijibu, lakini tusi lililovishwa kanzu humchoma na akakosa la kusema. Baadaye ikadhihirika kuwa hana kosa. Yeye nimekwisha kumtaka radhi uso kwa uso. Lakini yaliyonifikisha pale si maradhi yangu peke yangu, ni yetu sote, na ndiyo maana nimeona niyaandike.

Kisa chenyewe ni kelele ya baiskeli.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameishi Kitale miaka mingi. Asubuhi humpakia bintiye nyuma akampeleka shule, kisha huzunguka na mikate mpaka adhuhuri, na baada ya alasiri husomesha watoto chuoni. Yote hayo huyafanya juu ya baiskeli ya mlimani, yenye gia na tairi pana zenye meno, ambayo vijana huiita maunteni. Aliinunua mtumba, imekuja kwa kontena kutoka ng'ambo na kushukia bandarini kwetu Mombasa kama wenzake wengi.

Nilipokwenda kumtazama nikaikuta baiskeli inalia. Akikanyaga mguu huu, ka! Akikanyaga ule, ka! Mkewe akanambia kuwa hana haja ya kuchungulia dirishani. Hujua mumewe anarudi tangu yuko kona ya pili, akateleka chai.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuhangaika. Mara ya kwanza alimwendea yule kijana akamwambia, "Ekseli ya pedeli imekwisha, nitolee unitilie mpya." Ikatiwa. Kelele palepale. Akarudi: "Basi ni mnyororo." Ukatiwa mpya. Kelele palepale. Akarudi tena kwa pedeli zenyewe, na bado. Alipokwisha kunihadithia, mimi, mtu mzima niliyekaa mkekani kwa mwalimu tangu utotoni, nikatoa hukumu hapo hapo, na chai mkononi: "Huyu amekutilia vyuma vikuukuu, vipya vyako ameviuza."

Ushahidi sikuwa nao. Tukaondoka wawili tukamwendea. Palikuwa na wateja wanne au watano wamesimama. Nikamwambia, "Mwanangu, riziki ya halali huwa ndogo, lakini ina baraka." Wote pale wakaelewa. Kijana akainamisha kichwa, akajibu neno moja tu: "Mzee, mimi nilitia alichoniambia nitie."

Siku ile neno hilo nililiona ni kisingizio. Nawaomba mliweke akilini, nitalirudia.

Safari ya Bungoma

Siku ya tatu yake tulikwenda Bungoma kuwajulia hali wakwe zake. Baiskeli tukaitia juu ya matatu, kwa sababu mkwewe alipeleka salamu kuwa huko kuna mzee mmoja ambaye baiskeli humwambia siri zake. Mpwa wangu akacheka. Mimi nilinyamaza, maana katika umri wangu nimejifunza kutocheka mapema.

Kwa sisi watu wa pwani ni vyema kukumbushana kwamba nchi ile ya magharibi ndiyo nchi ya baiskeli. Hata neno boda boda, ambalo leo lipo kinywani mwa kila mtu kuanzia Vanga hadi Kiunga, lilizaliwa upande huo, Busia, ambako watu wa baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo baina ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda. Wakati huo boda boda ilikuwa ni baiskeli, ile nzito nyeusi isiyo na gia ambayo Wakenya wameipa jina la nyoka, Black Mamba. Ilibeba mwali na mkungu wa ndizi, ikabeba mgonjwa na hata jeneza. Ilipofika mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, mambo yakageuka, pikipiki zikajaa na mafundi wengi wa baiskeli wakahamia kwenye injini. Waliobaki ni wachache, na wengi wao ni wazee.

Mzee wetu tulimkuta chini ya mti, kandokando ya njia. Duka lake ni kisanduku cha mbao, pampu, karai la mafuta ya taa, na mnyororo wa spana zilizotungwa kama tasbihi. Nikamwamkia, akaitikia, akatuwekea bao tukaketi. Mpwa wangu akaanza kama kawaida yake: "Fundi, nataka unitazamie ekseli ya pedeli, maana yule aliyenitilia…"

Mzee akamnyamazisha kwa mkono. "Hayo ya ekseli niachie mimi. Wewe niambie inalia vipi."

Maswali kabla ya spana

Nimekaa na mashekhe, na mahakimu, na waandishi wa habari, lakini mara chache nimesikia mahojiano yaliyopangwa kama yale. Inalia ukikaa tu, au hata ukisimama juu ya pedeli? Inalia ukikanyaga tu, au hata ukiiacha iteremke yenyewe? Pedeli ikizunguka mara moja, yenyewe inalia mara ngapi? Imeanza lini, na siku hiyo ulikuwa umebadilisha kitu gani? Mpwa wangu hakuwa na jibu hata moja. Kelele ile alikuwa ameisikia kwa miezi, lakini kuisikiliza hakuisikiliza hata siku moja.

Kisha akauliza swali lililonigusa mimi, mtu wa lugha. "Ni kulia, ni kusaga, au ni kupiga?" Akatufafanulia. Kulia ni kwa kitu kikavu kinachosuguana na kingine. Kusaga ni kwa gololi zilizokwisha au mchanga ulioingia ndani. Kupiga ni kwa kitu kilicholegea au kilichovunjika, kinachokwenda na kurudi. Mimi nikaongeza kuwa kwetu ule mlio mkavu wa mara moja, kama wa kidole kinapovutwa, twasema kinaalika. Akalirudia neno lile mara mbili, likampendeza. "Basi hii yenu inaalika," akasema. Sisi watu wa Mombasa hujisifu kuwa Kiswahili ni chetu, na wa bara wameazima. Siku ile aliyekuwa akiyatenga maneno sawasawa ni mzee wa Kibukusu mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, nami nikashukuru kuwa nilikuwa na neno moja la kumpa.

Alipomaliza maswali akaipanda baiskeli mwenyewe. Akakanyaga ameketi, ikalia. Akakanyaga amesimama, kimya. Akatafuta mteremko, akaketi, miguu ameituliza, akaipitisha juu ya matuta. Ka! Ikalia bila pedeli kuzunguka hata kidogo.

Akarudi akasema, "Ekseli ya pedeli haina neno. Wala mnyororo. Wala pedeli."

Wasomaji, nilihisi jasho. Gharama zote zile, na maneno yangu yote yale kwa mtoto wa watu, yameangushwa na mteremko mmoja.

Mpwa wangu akabisha: "Lakini fundi, sauti yatoka chini, naisikia miguuni!" Mzee akachukua spana, akagonga fremu juu karibu na kiti, akamwambia aweke sikio chini karibu na pedeli. Sauti ikaja kama imetokea palepale. Fremu ya baiskeli ni mabomba matupu yaliyounganishwa. Sauti ikizaliwa pembe moja hupita ndani yake kama maji katika mfereji, ikatokea pembe nyingine. Tena mtu anapokanyaga, uzito wa mwili wake huhama kulia na kushoto juu ya kiti, kwa hivyo kiti kikiwa na kasoro kitalia kwa mwendo ule ule wa miguu, na kila mtu atailaumu pedeli. Sikio husema kweli kuwa kuna kelele. Kusema ni wapi, hapo sikio hukosea.

Chaki na mafuta ya taa

Sasa akaanza kufungua, na hapa nikajifunza kanuni ambayo ningependa iandikwe ukutani katika kila karakana. Hakugusa vitu viwili kwa pamoja. Alifungua kiti, akasafisha reli zake na kibano chake, akapaka grisi, akafunga, akajaribu. Bado. "Ningeshika viwili," akasema, "ikinyamaza sitajua ni kipi kilichokuwa kikisema. Nitakudai pesa za viwili, na hicho kimoja nimekisingizia."

Ndipo akalivuta bomba la kiti. Likatoka upesi mno. Mpwa wangu ni mrefu, na fremu ile ilitengenezwa kwa mtu mfupi, kwa hiyo alikuwa amelipandisha bomba mpaka limebaki ndani kiasi cha vidole vitatu. Mabomba yale aghalabu huchorwa mstari, na maana yake ni kuwa mstari ule usionekane nje. Wake ulikuwa juu ya fremu wazi kabisa, na hakuna miongoni mwetu aliyejua kuusoma. Bomba likiwa limeshikwa kidogo hivyo, uzito wa mpandaji huwa kama mtarimbo. Kila anapoketi huikwanyua fremu pale juu.

Mzee akatia kitambaa katika mafuta ya taa, akaloweka shingo ya fremu, akangoja, akaifuta mpaka ikakauka, kisha akasaga chaki akaipaka ungaunga wake. Tukakaa kitako. Polepole juu ya ule weupe ukajitokeza mstari mwembamba wa rangi ya majimaji, mfano wa unywele, ukizunguka kiasi cha robo ya bomba. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya ufa, na sasa yanatoka yakiipaka chaki. Akatuambia kuwa hila ile alifunzwa na babake, aliyefanya kazi katika karakana ya reli, ambako vyuma vya treni vilikaguliwa vivyo hivyo. Nikawaza kuwa reli ile, iliyoanza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896 na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, imebeba zaidi ya abiria na mahindi.

"Ufa huu ungezunguka," mzee akasema, "kiti kingekuja na fremu yake. Nyuma unampakia nani?"

Mpwa wangu hakujibu. Alikuwa akimfikiria bintiye, nami nilimfikiria yeye yeye.

Mzee alikataa kutukabidhi baiskeli vile ilivyo. Aliijaribu fremu kwa sumaku, ikanasa, akajua ni chuma, chaweza kuchomelewa kwa gesi na shaba. Ingekuwa ya aluminiamu, asingethubutu, maana hiyo haitaki uchomeleaji wa kando ya njia. Akatoboa kitundu kidogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, akampeleka jirani yake mwenye gesi, na kisha akatutafutia bomba refu la kiti linaloshuka ndani hadi chini ya maungio. Magharibi ilipokaribia baiskeli ikapandwa. Haikusema neno.

Mafuta si kuganga

Kabla sijafika kwa mzee yule nilikuwa na shauri langu. Nilitaka kununua kopo la mafuta ya kupulizia niinyunyizie baiskeli mahali pote. Nilipomwambia hivyo akatabasamu. "Ingenyamaza wiki mbili," akasema. "Ufa ungeendelea kimya kimya."

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Tunapenda kimya kuliko uzima. Mafuta mepesi yakiingia baina ya vyuma viwili hunyamazisha mkwaruzo kwa muda, lakini hayakazi kilicholegea wala hayaungi kilichopasuka. Tena yakichanganyika na vumbi jekundu la Trans Nzoia, au mchanga wa kwetu, huwa kama msasa unaokula mnyororo na gololi. Yakimwagika kwenye rimu au sahani ya breki, breki hazishiki. Lipo la kutiwa mafuta, nalo ni mnyororo, uoshwe kwanza. Yapo ya kutiwa grisi, nayo ni nyuzi za pedeli, bomba la kiti na gololi. Na lipo la kukazwa tu, bila ya kutiwa chochote.

Watu wa pwani twalijua hili baharini. Jahazi likiwa katika mawimbi mbao zake hulia usiku kucha, na abiria mgeni haponi usingizi. Nahodha hulala. Lakini ukitokea mlio mmoja usiokuwa wa desturi huamka pale pale. Hakuna nahodha anayeomba chombo chake kiwe bubu. Haja yake ni kukijua kinasema nini.

Hata historia ya baiskeli hizi za mlimani ina kisa cha grisi. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, waliteremka milima kwa baiskeli kuukuu nzito, na mwaka 1976 wakaanza mashindano katika njia moja yenye mteremko mkali sana. Breki zao za kitovu cha gurudumu la nyuma zilipata moto hata grisi ikaungua, na kila baada ya kuteremka ilibidi wafungue na kujaza upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Waliofanya kazi ile kila siku walizijua baiskeli zao ndani na nje, na ndio waliokuja kuunda baiskeli mpya.

Nasi tulio karibu na bahari tuna la kuzingatia zaidi. Hewa ya chumvi huliganda bomba la kiti ndani ya fremu, hasa bomba la aluminiamu katika fremu ya chuma, mpaka yakawa kitu kimoja. Basi kila baada ya miezi michache livute, lifute, lipake grisi, ulirudishe penye alama yake. Ukiwa hapo, pitisha kidole shingoni pa fremu. Ni kazi ya robo saa.

Twalipia vyuma, hatulipii ujuzi

Sasa narudi kwa neno la yule kijana wa Kitale: "Mimi nilitia alichoniambia nitie."

Lilikuwa ni kweli tupu. Mpwa wangu hakumwendea na ugonjwa. Alimwendea na dawa aliyokwisha kujiandikia. Kijana angesema, "Hebu kwanza niisikilize," tungemwona hajui kazi, au anatafuta njia ya kuzidisha bei. Sisi humlipa fundi kwa chuma tunachokiona mkononi. Akikaa nusu saa anatega sikio, kwetu ni mvivu.

Pale Bungoma mzee alitudai shilingi mia tatu za kutafuta, mbali na bomba na gesi. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, mia tatu za nini, na kiti hakutia kitu?" Nikamuuliza, "Ekseli, mnyororo na pedeli ulitoa ngapi?" Akanyamaza, akalipa.

Natambua nitajibiwa kuwa mafundi wengine kweli ni wezi. Wapo, kama walivyo waandishi waongo. Lakini tumefunzwa kuwa mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi, na kwa kadhi hakuna atakayekubaliwa kwa kusema tu, "Nahisi." Mbona nje ya baraza la kadhi twahukumu watu kwa ka! ya baiskeli? Sifa ya fundi wa kando ya njia ndiyo duka lake lote. Hana bima wala kibao cha neon. Ukimchafua mbele ya wateja watano, umeling'oa paa lake.

Ninatoa na ombi kwa wanaosimamia vyuo vyetu vya ufundi, pwani na bara. Wafunzeni vijana spana, naam, lakini kabla ya spana wafunzeni kuuliza na kusikiliza. Wazee kama yule wa Bungoma waitwe wakae mbele ya darasa pamoja na chaki yao na mafuta ya taa, wangali hai. Nasi wateja tujifunze kusema, "Fundi, inafanya hivi," kisha tunyamaze.

Tuliporudi Kitale nilingoja mpaka wateja wa asubuhi wakajaa, kwa sababu niliyoyasema mbele za watu sikutaka kuyafuta faraghani. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, siku ile nilisema nisilolijua. Kosa halikuwa lako, lilikuwa letu. Nisamehe." Akanitazama, akaacha tairi aliyokuwa akiiziba. Kisha hakuuliza lolote kuhusu mimi wala maneno yangu. Akauliza, "Mzee, ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha shingo ya fremu, na mshono wa shaba, na alama ya bomba la kiti. Nikamweleza habari ya chaki. Alisikiliza yote, akanitaka nirudie. Kisha akamwita mtoto anayejifunza kwake naye aje atazame.

Beti hili nililitunga ndani ya matatu nikirudi, na namtunukia yeye:

Chombo chako kikilia, sikiliza neno lake,
Mafuta ukimwagia, wafukia ila yake,
Fundi ukimdhania, wachafua sifa zake,
Tafuta kwa kutulia, hadi shina la makeke.